Tairi Mbili Hadi Newala, kwa Ajili ya Theluji

Kwa miaka miwili mizima, nikiwa na akili zangu timamu na cheti cha kidato cha nne nilichokipata kwa masomo ya jioni, niliamini kwamba kule Ncha ya Kusini ekseli ya dunia inatokeza nje.

Msicheke. Mwalimu wa jiografia alisema dunia inazunguka kwenye mhimili wake, akachora duara ubaoni, akapitisha mstari katikati, ukatokeza juu na ukatokeza chini. Mimi ni fundi pikipiki. Kitu kinachozunguka kina ekseli, ekseli ina beringi, na beringi inataka grisi. Chande, niliyekaa naye dawati moja, ndiye aliyeigongelea msumari. Aliniambia, kwa uso wa mtu aliyeona kwa macho yake, kwamba wako watu wameajiriwa kule kuipaka grisi kila mwaka, na kwamba grisi ikipungua ndipo ardhi hutetemeka. Nilimwamini kuliko mwalimu. Nilipoomba kujiunga na msafara wa watu watakaoteleza juu ya theluji mpaka Ncha ya Kusini, sababu niliyoandika ilikuwa ya bendera na taifa. Ya moyoni ilikuwa moja tu: nilitaka kuigusa ile ekseli kwa mkono wangu.

Sasa nyie wa kijiweni mmeniuliza sana habari za zile siku nne zilizogeuka tano. Naziandika mara moja niishie hapo, maana nasikia stendi ya Masasi wanasema nilivuta trekta. Zilikuwa tairi mbili. Najua aliyesema trekta ni mimi mwenyewe, lakini hiyo ilikuwa siku niliyorudi, na furaha ilikuwa imenizidi.

Masasi, kabla ya kutoka

Msafara wenyewe utaondoka mwishoni mwa mwaka. Ni watu sita. Kila mmoja atavaa ski, yaani mbao mbili ndefu nyembamba za kutelezea, na kiunoni atafungwa kamba ya kuvuta sleji yake, ambayo ni kama kitoroli kisicho na magurudumu, chenye chakula chake, hema lake na mafuta yake ya kupikia. Siku zaidi ya arobaini. Kiongozi ni Dada Upendo, mwanamke wa Moshi aliyekaa na barafu ya mlimani miaka mingi kuliko mimi nilivyokaa na mke wangu.

Nafasi tano zilikwishapata wenyewe. Ya sita alinipa kwa sharti.

"Fundi," aliniambia kwenye simu, "vuta tairi mbili za gari dogo na sanduku la vifaa vyako kutoka Masasi hadi Newala. Siku nne, njia za mchanga, lami usiiguse. Mchanga unavuta miguu kama theluji. Mimi nitakusubiri Newala. Na mkono wa mtu mwingine usiguse kamba wala mzigo. Kule kila mmoja ana wake. Nataka nijue ukoje ukiwa peke yako."

Shahidi akawa Chande, nyuma yangu na baiskeli, daftari na simu ya kupigia picha.

Kujiandaa kwa baridi ni kujinenepesha, maana mwili huko hujila wenyewe. Miezi mitatu mke wangu, Mama Salma, alinilisha korosho asubuhi, ugali wa muhogo kwa kisamvu chenye karanga mchana, na jioni samli nikiinywa kama uji. Nilinenepa mpaka majirani wakaanza kunisalimia kwa heshima. Siku moja akinipakulia akaniuliza:

"Baba Salma, huko unakokwenda kuna nini?"

"Theluji."

"Na ukimaliza theluji?"

"Theluji nyingine."

Akaweka mwiko chini. "Na ukianguka, nani atakuinua?"

"Nitajiinua."

"Wewe? Mtu ambaye hata shati lililo mbele ya macho yake ananiita nije kumtafutia?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Swali lile nililiacha pale kwenye mkeka, lakini mtaona lilinifuata.

Vifaa nikavipanga sandukuni: hema, jiko dogo, begi la kulalia, makoti mawili, miwani ya theluji. Na chini kabisa, ndani ya soksi, kopo la grisi. Sikumwambia mtu. Nilitaka nisiende kule mikono mitupu.

Masasi hadi Mto Mwiti

Tulitoka asubuhi, vilima vya mawe vya Masasi vikiwa nyuma yetu. Kufika saa tatu jua lilikuwa kali kana kwamba limeshuka mpaka usawa wa paa za bati. Nilivuta vizuri. Kilichonishinda ni watu.

Jamani, jaribuni kujiandaa kwenda mahali pasipo na mtu huku mkiishi mahali ambapo huwezi kupiga hatua ishirini hujasalimiwa. Mzee akitokea, unasimama, shikamoo, marahaba, za nyumbani, za shamba, watoto hawajambo. Kamba inalegea, tairi zinazama mchangani, kuzianzisha tena ni kama kuanza safari upya. Siku ile nilisalimiana na watu elfu tatu. Chande anasema sitini na moja, aliandika, lakini Chande hajawahi kuwa na moyo mkubwa.

Na salamu ni mwanzo tu. Kwetu mtu akikukuta na mzigo anakupokea. Haulizi unatoka wapi wala unakwenda wapi, anaushika upande mmoja ndipo salamu zinafuata. Kumkatalia ni kama kumwachia mkono hewani. Vijana wawili wa bodaboda walisimama.

"Fundi! Pikipiki ya watu imeyeyuka imebaki tairi?"

"Mazoezi."

"Mazoezi ya kuwa ng'ombe? Lete kamba tukufungie nyuma, dakika kumi uko mtoni."

"Hapana, wadogo zangu. Siruhusiwi."

"Na nani? Shemeji?"

Hao waliondoka wakicheka. Lakini mwanamume mmoja wa makamo, mpole, alikwishainama kushika tairi, nikapiga kelele "Usiguse!" kama aliyeshika nyoka. Akanyanyuka taratibu, akanitazama, akaenda zake bila kuaga. Bado naukumbuka mgongo wake.

Hapo Chande akapata akili. "Sema umeweka nadhiri," akaninong'oneza. "Nadhiri mtu haikati."

Ikafanya kazi kupita kiasi. Nikisema "nadhiri", watu wanarudi nyuma, wananipisha. Habari ikatutangulia kwa pikipiki. Karibu na Mwiti tulimkuta mama mmoja ametandika khanga kando ya njia, mihogo ya kuchemsha juu yake na karanga pembeni. Alituambia alipewa habari kwamba anapita mtu mwenye nadhiri, naye mwanawe anaumwa mguu, basi tule, na mimi nimkumbuke kwenye dua.

Nilikula. Njaa ilikuwa kali. Dua nikaomba kweli, kwa moyo wote, maana sikuwa na kingine cha kumpa. Lakini mhogo ule ulikaa kifuani mpaka tulipopiga hema ng'ambo ya mto. Nikamwambia Chande: "Kesho sisemi nadhiri tena."

"Utasema nini?"

"Ukweli."

"Wewe?" akauliza Chande. Nimeoa, nina mtoto, nina cheti, na bado kila mtu ananiuliza "wewe?"

Kwenye mikorosho

Siku ya pili nikaujaribu ukweli. Nilimwambia mzee mmoja kwamba najiandaa kwenda kuvuta mzigo kwenye barafu mwisho wa dunia. Akanipa pole, akamuuliza Chande pembeni kama ndugu zangu wana habari.

Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua na watu wanapuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Aliyewahi kupita shamba linalopulizwa anajua: unga unapaa, majani yanabadilika rangi, chini panakuwa na ukungu mkavu unaokata koo. Nikasema hii ndiyo theluji yangu ya kwanza. Nikavaa koti, nikafunga kitambaa puani, nikashusha miwani, nikavuta.

Ndani ya ukungu ikatoka sauti. "Ndiyo kwanza unafika? Tumekusubiri tangu alfajiri!"

Alikuwa mwenye shamba, aliyekuwa amemwita mpulizaji kutoka kijiji cha mbali. Aliona koti, kitambaa, miwani, akamaliza hesabu. Kabla sijafungua mdomo mashine ya kupulizia ilikuwa mgongoni mwangu.

"Baba, mimi siye."

"Siye na umevaa hivyo?"

Kueleza barafu ndani ya salfa haiwezekani, kila nikivuta pumzi nakohoa. Na ile mashine yenyewe haikuwaka. Hapo nikawa mtu wa maana: nikafungua plagi, nikaisugua, nikapuliza mrija wa mafuta, ikanguruma. Tukapoteza saa tatu. Mkewe akatuletea ming'oko iliyochemshwa vizuri, ile mizizi ya porini tunayoichimba kwa jasho, tukaimenya kwa vidole na kuiteremsha kwa chai ya rangi. Mwenye shamba akataka kulipa wema kwa kunivutia tairi mpaka mwisho wa shamba lake.

Nikamshika mkono, nikamwambia polepole: "Baba, kule ninakokwenda hakuna mtu. Lazima nijizoeze kutosaidiwa."

Akazitazama tairi. "Hilo nalo linajifunzwa?"

 Niliondoka na swali hilo.

Mlima

Mnaoijua njia ya kupanda kwenda juu uwandani Newala mnajua kwamba nchi inasimama wima ghafla kama imeitwa jina. Sisi tulishika njia ya miguu, ile wanayoteremkia watu kufuata maji bondeni, maana juu kule maji ni ya kungoja mvua. Nisiongeze kitu: mlima ule unagusa mawingu, na mawingu yanalalamika.

Saa sita tulikuwa nusu ya mlima. Njia ilikuwa imechimbwa na mvua ikawa mfereji, na tairi moja ikazama ndani ikakwama kwenye mizizi. Nikavuta, haikuja. Nikavuta tena, mguu ukateleza, nikaanguka kifudifudi, sanduku likanivuta kiunoni kurudi chini. Nikajaribu kuinuka. Magoti yakakataa. Nikajaribu tena. Yakakataa.

Mnanijua mimi ni mtu wa maneno.  Nililala na mdomo kwenye mchanga mwekundu nikimsikia Mama Salma: na ukianguka, nani atakuinua? Chande alisimama hatua tano juu yangu, simu mkononi, uso umemvimba. Haruhusiwi kunisaidia. Nilimwona anavyoteseka. Nafikiri yeye ndiye aliyekuwa na mzigo mzito zaidi.

Nyuma yetu nikasikia pumzi za mtu anapanda. Bibi mmoja mwembamba, ndoo ya lita ishirini kichwani, mkono mmoja tu umeigusa kwa mbali. Jina lake tulikuja kulijua, Bi Asumini wa Chilangala.

"Shikamoo, bibi," nikasema nikiwa chini vile vile.

"Marahaba. Mbona unaamkia ukiwa umelala?" Akatua ndoo bila kumwaga tone. "Na huyu wa juu ni mwenzio au anasubiri mirathi?"

Chande akamweleza sheria. Nilifikiri atanipa pole apite. Akaingia mferejini, akang'oa tairi kwenye mizizi, akaifungua kamba.

"Bibi, hapana. Ukigusa nimekosa nafasi."

"Nafasi ya wapi?"

"Kwenye barafu. Kule hakuna watu wa kumpokea mtu mzigo."

"Huko hakuna watu," akasema. "Huku kuna watu. Mimi nipite, nikuache unakula mchanga, nikifika nyumbani niseme nimepishana na nini?" Akaikunja khanga yake ikawa kata, akaweka kichwani, na juu ya kata akaiweka tairi. "Kama unaona haya kupokewa, basi nipokee na wewe. Chukua ndoo."

Akanipa mkono. Nikaushika. Ni mkono mkavu, mgumu kama mpini wa jembe. Nikainuka.

Nikapanda na ndoo kichwani na tairi moja nyuma na sanduku, yeye mbele na tairi yake kama amevaa kofia. Ile ndoo, wallahi, ilikuwa nzito kuliko tairi zote mbili. Tulipofika juu nusu ya maji ilikuwa imenimwagikia. Akachungulia ndani, akanitazama nilivyolowa.

"Umenipokea, au umeoga?"

Maji yale alikuwa ameyafuata tangu alfajiri. Nilitamani ardhi inipasukie. Akatuwekea chai kwa hayo yaliyobaki.

Nje ya nyumba yake Chande akanivuta pembeni. "Simu ilizimika kule mlimani, hakuna picha. Unaelewa? Na daftarini bado sijaandika kitu."

Nilielewa sana. Nafasi yangu ilikuwa mkononi mwake.

"Acha mstari wazi," nikamwambia. "Nitaujaza mwenyewe."

Chilangala hadi Newala

Siku ya nne ukungu wa Newala ulitufunika, baridi ile ya kweli, watu wamevaa makoti na kofia za sufu. Nilikuwa na nguvu tena, mchanga wa kule juu ni mwororo, na nilivuta bila kuhisi. Kila hatua nilikuwa nafanya hesabu. Nikisema, miezi mitatu ya samli imekwenda bure. Nisiposema, nitakuwa nimeweka nadhiri nyingine ya uongo, na hii nitailalia siku arobaini, kwenye hema, peke yangu.

Dada Upendo alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni. Akasimama, akanipigia makofi. Kabla hajamaliza nikasema:

"Dada, nimepokewa. Jana mlimani nilianguka, nikashindwa kuinuka. Bibi wa miaka sabini na zaidi akachukua tairi akaiweka kichwani, mimi nikambebea maji."

Akaanza kucheka. "Fundi, nimeambiwa unapenda kuongeza chumvi. Bibi wa miaka sabini, tairi kichwani, kwenye ule mlima?"

Oneni basi adhabu ya mtu kama mimi. Siku niliyoleta ukweli mtupu, haununuliki.

"Mwulize Chande."

Chande akatazama chini, akatazama daftari, akanitazama mimi. "Ni kweli," akasema. "Ila bibi mwenyewe ni mwembamba zaidi ya alivyosema."

Kicheko kikamwisha. Akauliza ndoo ilikuwa ya lita ngapi, akapiga hesabu kichwani. "Tairi moja haizidi kilo nane. Maji yale ni kilo ishirini. Umebeba zaidi ya ulichopunguziwa. Sasa alikusaidia nini?"

"Alinisaidia kuinuka, dada."

 Akazungusha kikombe chake. "Basi hicho, kujiinua, ndicho sijakiona kwako," akasema. "Kuvuta, unavuta. Kesho turudi kwenye mlima huo."

Mlima tena

Siku ya tano gari likaturudisha mpaka Chilangala, nikashuka kwa miguu na tairi zangu zote mbili na sanduku mpaka bondeni, nikageuka. Dada Upendo alikuwa nyuma yangu, Chande nyuma yake, na wa mwisho Bi Asumini mwenye ndoo mpya ya maji, ambaye alipoelezwa kwamba leo asiguse kitu alijibu kwamba njia ni yake tangu hawajazaliwa hao wenye sheria.

Mferejini, mizizi ile ile, tairi ile ile. Nikaanguka. Sikuanguka kwa kutaka, niaminini.

Nikalala.  Halafu nikasikia ndoo inatuliwa, na sauti:

"Inuka basi, baba. Usinikalie njiani, maji yanapata joto."

"Maneno yanahesabiwa?" Chande akauliza.

"Hayajagusa kamba," akasema Dada Upendo.

Nilipogeuza shingo nilimwona bibi amesimama, mikono ameifunga nyuma, kila mmoja umemshika mwenzake kama mtu anayewazuia watoto wawili watundu. Ilikuwa inamuuma. Nikafahamu kwamba kuniacha nijiinue ilikuwa kazi yake siku ile, na alikuwa anaifanya kwa nguvu zake zote. Nikakusanya goti moja. Nikangoja. Nikakusanya la pili. Nikarudi mferejini, nikang'oa tairi kwenye mizizi kwa mikono yangu, nikaegemea kamba mpaka nikaona nyota mchana. Ikaja.

Juu, mbele ya nyumba ya Bi Asumini, nilifungua mkanda kiunoni, nikafuata ndoo yake, nikampokea hatua zile chache za mwisho. Sikumwaga hata tone. Basi, matone mawili.

"Nafasi ya sita ni yako," akasema Dada Upendo, hivi hivi, kama anayeagiza chumvi. Halafu akachuchumaa mbele ya sanduku langu. "Sasa tupunguze uzito. Kule kila kitu unachovuta lazima kiwe na sababu."

Akatoa hema, akaliweka pembeni. Jiko, pembeni. Koti la pili, akatikisa kichwa. Mkono ukafika chini kabisa, ukatoka na soksi, na ndani ya soksi kopo la grisi.

"Na hii?"

Chande ghafla akaona kitu cha maana sana juu ya mkorosho. Nikaeleza. Nikaeleza yote, ubao, duara, mstari, beringi, watu walioajiriwa, na jinsi nilivyoona si adabu kufika kwa mwenyeji mikono mitupu. Bi Asumini alisikiliza na kuitikia kwa kichwa. Kwake lilikuwa jambo la akili kabisa.

Dada Upendo hakucheka. Alifunga kopo vizuri, akanirudishia mkononi.

"Fundi, hakuna ekseli. Mhimili ni mstari wa kufikiria tu. Pale kuna theluji, na kijiti walichokichomeka watu waliotangulia, ili anayefuata ajue amefika."

"Kumbe huko nako kuna watu," akasema Bi Asumini.